Moshi Mweusi: Namna ya Kuchungua Gari Linalokula Petroli

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita wengi wenu mlituomba tuandike khabari ya ugonjwa ulioipata gari ya Chama msimu uliopita, na namna ulivyotambulikana. Tumekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa ule ulikaribia kututoa fedha yote ya turubai na majamvi, na dawa yake ikaja kuwa kipande cha waya kisichozidi urefu wa kiganja. Ya pili, mwanachama mwenzetu mmoja, mwenye gari ya namna ile ile, alikwisha kulipa fedha nyingi kabla sisi hatujajua kitu. Ametupa ruhusa tumseme bila ya kumtaja jina, ili mwengine asiingie katika shimo lile lile.

Somo lote hili tunaweza kulifunga katika maneno matatu: pima kabla hujafungua. Aliye na haraka na ayashike hayo. Aliye na nafasi na asome mpaka mwisho, maana kila hatua ina sababu yake.

GARI YENYEWE

Gari ya Chama ni Mercedes-Benz 230 TE, ile yenye mlango mkubwa wa nyuma na nafasi ya kupakia magunia. Ni katika jamii ya W123, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1976, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 2 na nusu. Injini yake ya silinda 4, yenye ujazo wa sentimita 2,299, ilitoka mwaka 1980. Ni gari ya zamani, lakini ni gari ya haki, na mpaka leo yachukua mzigo bila ya kulalamika.

Jambo la kujua ni kwamba gari hii haina kabureta. Petroli yake hupulizwa kwa mtambo wa Bosch uitwao K-Jetronic, uliotokea mwaka 1973 katika gari za Porsche 911. Herufi ile K imetoka katika neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, kwa kuwa nozeli zake hupuliza petroli bila ya kukatika muda wote injini inapokwenda. Mtambo huu umo pia katika Volvo 240 nyingi, katika Golf GTI za mwanzo, na katika Audi na Saab za miaka ile. Hauna kompyuta. Hufanya kazi kwa hewa, kwa shinikizo la petroli, na kwa umeme kidogo. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye subira na akili timamu aweza kuufahamu.

ILIVYOTOKEA

Baada ya msimu wa kabla yake, gari ilikaa bandani miezi mingi. Karafuu zilipoanza kuiva tukaitoa, ikawaka mara moja kama kawaida yake. Lakini tulipofika njiani tukaona moshi mweusi unatufuata, na harufu ya petroli imejaa ndani. Katika daftari la safari tumezoea kuandika lita zilizotiwa na kilomita zilizokwendwa. Hapo kwanza lita 20 zilitupeleka kilomita 190. Sasa lita 20 zilikuwa hazifikishi 110. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na lau si lile daftari tungalisema bei ya petroli tu ndiyo iliyopanda.

Hasara haikuwa ya petroli peke yake. Siku moja tulipeleka magunia ya wanachama kituoni Chake Chake, na karani wa kupimia akayakataa magunia matatu kwa kuwa yananuka. Hatumlaumu, alikuwa na haki. Karafuu hunyonya harufu kama kitambaa, na ubani na petroli havikai chungu kimoja. Mwenye magunia yale alikuwa Bibi mmoja mjane, naye alikwisha kuahidi ada ya skuli kwa fedha ile ile. Ilibidi yaanikwe tena, na siku nne za jua zikapotea.

Tukamwita fundi. Akautazama moshi, akatikisa kichwa, akasema: "Ringi zimekwisha. Injini ifunguliwe." Akatuandikia hesabu. Kamati ikakaa, na wengi tukaona hapana budi. Mzee mmoja katika wanakamati, ambaye hajapata kushika spana maisha yake, akauliza: "Bwana Katibu, huyo fundi amepima nini?" Tukasema ameona moshi. Akajibu: "Moshi nimeuona hata mimi." Swali lile ndilo lililotuokoa.

Tukafunga safari kumtafuta fundi mtu mzima, aliyekwisha kustaafu, aliyewahi kuzitengeneza gari hizi kwa miaka mingi. Aliyotufundisha ndiyo tunayoyaandika hapa.

MTAMBO UNAVYOKWENDA

Injini yataka hewa na petroli kwa kipimo. Kipimo kizuri ni karibu uzito 14.7 wa hewa kwa uzito 1 wa petroli. Petroli ikizidi, mafundi husema mchanganyiko ni mzito. Ikipungua, husema ni mwepesi. Mchanganyiko mzito ni kama jiko lililojazwa kuni likakosa pumzi: huungua nusu, na nusu yake hutoka kwa masizi.

Sasa tazama namna kipimo kile kinavyopatikana. Hewa ikishapita katika chujio hukutana na sahani ya chuma. Hewa ikiwa kidogo sahani husogea kidogo, na ikiwa nyingi husogea zaidi. Sahani ile ina mkono, na mkono ule husukuma mchi mdogo uliomo ndani ya kigawio cha petroli. Mchi ukipanda hufunua vipenyo vyembamba, na petroli hupita kwenda katika nozeli nne, moja kwa kila silinda.

Lakini mchi hauachiwi upande utakavyo. Juu yake huja petroli nyengine inayoukandamiza usipande ovyo. Hilo sisi tutaliita shinikizo la kuzuia. Likiwa na nguvu, mchi hupanda kidogo na petroli huwa kwa kadiri. Likilegea, hewa ile ile huupandisha mchi juu zaidi, na petroli huzidi. Liweke hili moyoni, maana nusu ya somo imo humo.

Mwenye kulilegeza na kulikaza shinikizo hilo ni chombo kidogo kilichofungwa kwenye mwili wa injini. Tutakiita regulata. Injini ikiwa baridi yahitaji petroli zaidi, basi regulata hulegeza. Ndani yake mna bamba la madini mawili, na waya wa umeme unaolipasha moto. Injini ikishawaka, umeme huanza kulipasha bamba, bamba hujikunja, na katika dakika chache shinikizo la kuzuia hukaza. Mchanganyiko mzito wa asubuhi hukoma.

Pana na nozeli ya tano, ambayo tutaiita nozeli ya baridi. Hii hupuliza kwa sekunde chache tu wakati wa kupiga stata injini ikiwa baridi, kisha hufunga. Isipofunga sawasawa, huvuja muda wote.

KUUJUA UGONJWA

Kabla ya kutafuta sababu ya petroli kuzidi, hakikisha kwanza kwamba ni petroli iliyozidi.

Moshi. Moshi mweusi ni petroli. Moshi wa buluu ni oili, na huo ndio moshi wa ringi na valvu. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa moto ni maji yanayoingia ndani. Fundi wetu wa kwanza aliona moshi, asiitazame rangi yake.

Plagi. Endesha gari mpaka ipate moto, izime, iache ipoe kidogo, kisha fungua plagi zote nne na uzipange kwa mpango wa silinda zake. Plagi yenye afya ina rangi ya hudhurungi iliyopauka, hafifu kuliko karafuu iliyokauka vizuri. Masizi meusi makavu, yanayotoka kwa kidole, ni petroli iliyozidi. Weusi wa majimaji unaoteleza ni oili. Tena angalia: zikiwa zote nne zina masizi, ugonjwa uko mahali pa shirika, yaani katika kigawio, regulata au nozeli ya baridi. Ikiwa ni moja tu, tazama nozeli ya silinda ile, au plagi yenyewe na waya wake, kwani cheche dhaifu nayo huacha masizi.

Oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Oili ikinuka petroli, na kimo chake kikiwa kimepanda bila ya mtu kuongeza, basi petroli inashuka chini ya pistoni. Oili hiyo imwagwe baada ya kutengeneza, kwa sababu haina nguvu tena ya kulinda chuma. Hapa twataka kusema jambo la hadhari. Petroli ikizidi kwa muda mrefu husafisha oili katika kuta za silinda, na ringi huliwa kweli. Kwa hiyo ugonjwa mdogo ukiachwa hugeuka ule mkubwa uliosingiziwa hapo kwanza.

Wakati. Hili ndilo swali la kwanza alilotuuliza yule fundi mzee: "Yatoa moshi wakati gani, ikiwa baridi au ikiwa moto?" Tukamjibu kwamba asubuhi yawaka vizuri, kisha huharibika kila inapopata moto, ila tukienda safari ndefu, kama kutoka Wete mpaka Mkoani, mwishoni moshi hupungua kidogo. Akacheka, akasema: "Basi gari yenu yadhani ni asubuhi siku nzima."

HATUA ZA KUCHUNGUA

Fuata hatua hizi kwa mpango, usiruke. Zimeanza na zile zisizo na gharama.

1. Fungua chujio la hewa. Katika gari za kabureta chujio lililoziba huleta mchanganyiko mzito. Katika mtambo huu hewa hupimwa baada ya kupita katika chujio, kwa hiyo kuziba kwake huleta udhaifu zaidi kuliko moshi. Hata hivyo lifungue. Ni bure, na utakuwa umefika mahali pa hatua ya pili.

2. Ijaribu sahani ya hewa. Injini ikiwa imezimwa, isukume polepole kwa kidole upande ule hewa inakokwenda. Yapasa iende laini kwa uzito mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na ukiiachia irudi mahali pake. Ikikwama, sahani imepinda au mchi una uchafu. Mchi uliokwama juu huleta moshi mweusi. Usiisukume mara nyingi, kwa sababu petroli iliyobaki katika mabomba huingia ndani ya injini.

3. Tazama umeme wa regulata. Ichomoe plagi yake ya waya mbili, kisha mwenzako aiwashe injini. Weka taa ya kupimia ya volti 12 katika vituo viwili vya plagi ile. Taa yapasa iwake. Jambo hili hupimwa injini ikiwa inakwenda, kwa sababu umeme wake watoka katika rilei ya pampu ya petroli. Taa isipowaka, fuata waya: tazama fyuzi, rilei, viungo na kutu.

4. Taa ikiwaka, pima waya wa ndani ya regulata kwa mita ya ohmu. Mita isiposogea, waya umekatika ndani, na regulata yenyewe ndiyo mgonjwa.

5. Ijaribu nozeli ya baridi. Injini ikiwa na moto wake, ifungue kutoka mahali pake bila ya kuichomoa katika bomba lake la petroli, uitie mdomo wake ndani ya chupa ya kioo, uufute mdomo, kisha pampu iendeshwe kwa muda wa dakika moja. Yapasa ibaki kavu. Ikidondosha, imekufa. Soma kwanza maneno ya hadhari yaliyoandikwa hapo chini, maana kazi hii ina petroli ya nje na chuma chenye moto.

6. Pima shinikizo kwa geji. Geji hufungwa baina ya kigawio na regulata, nayo ina bilula. Bilula ikifungwa, utaona shinikizo kuu la pampu, ambalo huwa bar 5 na kitu. Ikifunguliwa, utaona shinikizo la kuzuia. Injini ikiwa baridi huwa chini, karibu bar 2 au pungufu, kufuatana na joto la siku. Ikipata moto hupanda mpaka kiasi cha bar 3.4 hadi 3.8. Kila gari ina namba yake katika kitabu chake, na hiyo ndiyo ya kufuatwa. Shinikizo la kuzuia likikataa kupanda, mchanganyiko ni mzito kwa sababu hiyo. Shinikizo kuu likizidi kuliko namba ya kitabu, tazama kama bomba la kurudisha petroli katika tangi limebanwa au limeziba.

7. Zichungue nozeli nne. Nozeli njema hupuliza kama ukungu, na shinikizo likishuka hufunga bila ya tone. Inayodondosha baada ya kuzimwa injini huleta moshi wakati wa kuwasha, na gari huwa ngumu kuwaka ikiwa moto.

8. Bisi ya mchanganyiko iwe ya mwisho kabisa. Hii ni bisi ndogo iliyo baina ya sahani na kigawio, na hupinduliwa kwa ufunguo wa Allen wa milimita 3. Kulia huongeza petroli, kushoto hupunguza. Kipimo chake ni kidogo sana, kama upana wa ukucha, na yataka chombo cha kupimia moshi wa bomba. Wala usikanyage petroli hali ufunguo ukiwa ndani yake, sahani yaweza kuharibika.

KOSA LETU

Katika hatua hiyo ya nane yatupasa kukiri. Kabla ya kumwendea fundi mzee, sisi wenyewe katika ofisi tuliambiwa na dereva mmoja kwamba bisi ile ndiyo dawa. Tukaazima ufunguo, tukaipindua nusu mzunguko kushoto. Moshi ukapungua, tukafurahi. Asubuhi yake gari haikuwaka mpaka ikasukumwa na watu sita, na ilipowaka ikawa inakohoa njia nzima. Tulikuwa tumeuficha ugonjwa, na tumeongeza mwengine juu yake. Mtu mwenye homa hupewa dawa ya homa, havuliwi nguo akaachwa upenuni.

Wala hatukuiandika nusu mzunguko ile katika daftari. Sisi tunaowahimiza wanachama waandike kila pishi na kila kilo, hatukuandika. Fundi mzee aliijua kwa kuona alama mpya za chuma juu ya bisi, akatuuliza, na ilibidi tuseme kweli mbele ya Kamati.

TULIVYOUKUTA

Alipoifika hatua ya tatu, taa haikuwaka. Akaufuata waya kwa vidole mpaka karibu na plagi ya regulata, akaukunja, nao ukakatika mkononi mwake. Ndani ulikuwa umegeuka unga wa kijani. Gari ilikaa miezi bandani, na hewa yetu ya chumvi na masika haikulala.

Hakuitengeneza hapo hapo. Alituita wanakamati wote tusogee, akachukua waya mwengine, akautoa umeme moja kwa moja katika betri mpaka katika regulata, akawasha injini, akakaa juu ya ndoo, akatazama saa yake. Dakika ya kwanza moshi mweusi. Dakika ya tatu ukawa wa kijivu. Kabla ya dakika ya sita, yule Mzee aliyeuliza swali aliweka leso yake nyeupe nyuma ya bomba, nayo ikatoka karibu safi. Hapana aliyesema neno kwa muda kidogo.

Baadaye tukapata geji ya kuazima ili tujue kwa hesabu, si kwa macho tu. Bila ya umeme, shinikizo la kuzuia lilianza bar 1.8, na baada ya dakika 10 likawa bar 2.1 tu. Umeme uliporudishwa likapanda mpaka bar 3.6 na kutulia. Sasa tukafahamu kwa nini safari ndefu ilipunguza moshi: regulata imefungwa kwenye injini, na joto la injini liliipasha kidogo kidogo bila ya msaada wa waya.

Waya mpya ukatiwa, kiungo kikapakwa grisi, bisi ikarudishwa na kupimwa, oili ikamwagwa, plagi zikasafishwa. Lita 20 zimerudi kutupeleka kilomita 185. Fedha ya turubai ilinunua turubai.

KHABARI YA MWENZETU

Mwanachama tuliyemtaja mwanzo, gari yake nayo ilitoa moshi mweusi. Naye aliambiwa ringi. Hakuwa na fedha, basi aliuza karafuu zake za mwaka zikingali mtini, kwa bei ya mwenye shida. Injini ikafunguliwa, ikatiwa ringi mpya, ikafungwa. Siku aliyoichukua, moshi ulikuwa ule ule.

Baada ya kutengeneza gari ya Chama tulimwendea, tukafuata hatua hizi hizi. Regulata yake ilikuwa nzima na taa iliwaka. Lakini alitwambia kwamba gari yake ikiwa moto haikubali kuwaka mpaka aikanyage petroli mpaka chini. Hiyo ni dalili ya petroli inayovuja ndani baada ya kuzimwa. Nozeli ya baridi ilipotiwa katika chupa ilidondosha tone baada ya tone. Akatafuta nyengine iliyotumika, akaitia, na gari ikapona.

Tazameni basi: gari mbili za jamii moja, moshi mmoja, na sababu mbili mbalimbali. Pafukapo moshi pana moto, lakini moshi hausemi moto uko chumba gani. Anayetibu kwa kuutazama moshi tu, akipata leo atakosa kesho, na gharama ya kukosa kwake hulipwa na mwenye mikarafuu.

HADHARI YA MOTO

Petroli ya mtambo huu hukaa na shinikizo hata baada ya injini kuzimwa. Kabla ya kulegeza kiungo chochote toa waya wa betri, funika kiungo kwa kitambaa, na ulegeze polepole. Kwa majaribio yanayotaka pampu iendeshwe, betri hurudishwa baada ya kila kitu kushikwa vyema na petroli iliyomwagika kufutwa. Asiwepo mwenye sigara wala jiko karibu. Weka mchanga au chombo cha kuzimia moto. Watoto wasisogee. Kazi hii isifanywe karibu na uga wa kuanikia karafuu, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya harufu. Wala debe la petroli lisipakiwe pamoja na magunia, hata kwa safari ya nusu saa.

KABLA YA MSIMU

Gari inayolala miezi mingi iwashwe kila wiki mbili, iachwe mpaka ipate moto kamili. Isilazwe na petroli kuukuu, maana huacha gundi, na mchi ule mwembamba hukwama kwa uchafu usioonekana kwa jicho. Chujio la petroli libadilishwe kwa wakati wake. Plagi za waya zichomolewe, zitazamwe kutu ya kijani, zipakwe grisi. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Moshi wa ringi una rangi gani, na wa petroli una rangi gani?
2. Plagi tatu ni hudhurungi na moja ina masizi. Utaanzia wapi?
3. Shinikizo la kuzuia likilegea, petroli huzidi au hupungua? Kwa nini?
4. Kwa nini umeme wa regulata hupimwa injini ikiwa inakwenda?
5. Kwa nini bisi ya mchanganyiko imewekwa mwisho?

Atakayeyajibu yote bila ya kurudi nyuma ya ukurasa, amelifahamu somo. Asiyeweza na asome tena. Sisi wenyewe tulifundishwa mara mbili.

Mwisho twawaarifu kwamba Kamati imekubali kununua geji moja ya shinikizo na taa mbili za kupimia, kwa fedha ndogo sana ukilinganisha na ile tuliyookoa. Vitu hivi vimewekwa ofisini. Mwanachama yeyote aweza kuviazima kwa kutia sahihi katika daftari, na avirudishe katika siku tatu. Tena twaomba: akishapima, atuandikie namba alizoziona na gari ilivyokuwa, ili mwakani tuwe na hesabu zetu wenyewe za kisiwani.

Na fundi yeyote akikwambia fungua injini, mwulize kwa adabu lile swali la Mzee wetu: Bwana Fundi, umepima nini?

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama